Nyufa za ukuta wa mama: kwa nini lipu, matope na hata damu hupasuka vinapokauka

Video ilikuwa fupi, haikufika dakika moja. Mama alizunguka sebuleni na simu mkononi, polepole, akiupitia ukuta mmoja baada ya mwingine. Lipu iliyopigwa wiki mbili nyuma ilikuwa imejaa nyufa nyembamba zilizokatana na kuugawa ukuta vipande vipande, kama tope la bwawa lililokauka. Hakusema neno mpaka mwisho: "Haya mwanangu, nyumba ndiyo hiyo."

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimekaa kituo cha basi hapa Leeds. Pesa ya lipu ile ilitokana na zamu za ziada za miezi saba. Msimamizi wa ujenzi kule Tanga ni mdogo wangu wa kiume. Sikumpigia simu. Niliandika kwenye kundi la familia, mbele ya shangazi na mabinamu: "Saruji umeila. Ukuta uliotiwa saruji ya kutosha haupasuki hivi."

Akajibu maneno mawili: "Sawa dada." Kisha kimya cha wiki tatu. Katika wiki hizo tatu ndiye aliyempeleka mama kliniki ya presha, kama kawaida yake, na ndiye aliyelala kwa mama siku umeme ulipokatika. Habari hizo nilizipata kwa mama, si kwake.

Ndugu zangu tunaojenga kwa simu, mnaijua hali hii. Uko Muscat, Doha, Birmingham au Minneapolis, unatuma pesa, unapokea picha. Picha ikija na ufa, jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba kuna mtu amekula. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mimi nilikosea, na nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la adabu. La pili lilikuwa la ujuzi: nilidhani nyufa za namna ile ni dalili ya saruji kidogo. Kumbe nyufa zile hutokana na kukauka, na saruji ikizidi huweza kuziongeza.

Tone la damu lililonikumbusha

Nilipoitazama video kwa mara ya tatu nilihisi kwamba picha ile nimewahi kuiona, na haikuwa ukutani.

Nikisoma diploma ya uuguzi Tanzania, mtaalamu wa maabara alitufundisha kutengeneza slaidi ya malaria. Kuna tone jembamba, linalotandazwa, na kuna tone nene, ambapo damu hukusanywa mahali padogo ili vimelea vionekane kwa urahisi zaidi. Tone nene lina kanuni yake: ukiweka slaidi juu ya gazeti, maandishi yaonekane kidogo kupitia damu. Kama huyaoni kabisa, damu ni nene mno. Ikikauka itapasuka, na ukiipaka rangi na kuisuuza vigamba vitabanduka viende na maji. Mgonjwa itabidi achomwe tena.

Kanuni hiyo niliikariri nikafaulu mtihani. Sikuwahi kuuliza kwa nini damu nene ipasuke na nyembamba isipasuke. Nyufa za sebuleni kwa mama zilikuwa zilezile za slaidi iliyoharibika, kubwa tu zaidi. Nikaanza kusoma.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba damu, matope, rangi ya ukutani, uji na lipu mbichi ni ndugu. Vyote ni chembe ndogo ngumu zilizotawanyika ndani ya maji. Katika damu, chembe ni seli nyekundu, zenye upana wa mikromita 7 hadi 8 (mikromita 1,000 hufanya milimita moja), nazo huchukua karibu asilimia 40 hadi 45 ya ujazo wa damu ya mtu mzima mwenye afya. Katika udongo wa mfinyanzi, chembe ni ndogo zaidi, chini ya mikromita 2. Saruji ina chembe za saizi mbalimbali, nyingi kati ya mikromita 1 na 100. Ukitandaza chochote kati ya hivi na kukiacha kikauke, kitapita njia moja.

Maji yanavyovuta

Tuanze na tabaka la matope mabichi. Mwanzoni chembe zimekaa mbalimbali, maji yamezijaza pande zote, na juu kuna uso wa maji uliolala. Jua na upepo vinaondoa maji kutoka juu. Chembe zinashuka na kusogeleana mpaka zinagusana. Hadi hapo hakuna tatizo, tope linapungua unene tu.

Tatizo linaanza maji yanapotaka kushuka chini ya vichwa vya chembe za juu kabisa. Maji hupenda kushika kuta za chembe. Kwa hiyo katikati ya chembe mbili uso wa maji haubaki bapa tena. Unabonyea, kama maji ndani ya mrija mwembamba. Uso uliobonyea huvuta. Unavuta maji yaliyo chini yake, na unazivuta chembe zenyewe zikaribiane. Nguvu hii mnaijua kwa mikono yenu: ndiyo inayobandika kanga mbichi mwilini ukitoka kuoga baharini, na ndiyo inayosimamisha ngome ya mchanga mbichi ambayo watoto wakiijenga kwa mchanga mkavu inaporomoka.

Ukubwa wa nguvu hii unategemea upana wa mwanya kati ya chembe. Mwanya ukiwa mdogo, mvuto ni mkubwa. Kwa maji ya kawaida, mwanya wa upana wa mikromita moja unaweza kuleta mvuto unaozidi shinikizo la hewa inayotuzunguka, karibu mara 1.4. Ukiupima kama uzito, ni zaidi ya tani 14 juu ya kila mita moja ya mraba. Mwanya wa nusu milimita, kama ulio kati ya punje kubwa za mchanga, huleta mvuto mdogo mara 500 kuliko huo.

Ndiyo maana mchanga safi wa pwani ukikauka hauachi nyufa, lakini mfinyanzi wa bwawani hupasuka mpaka mtoto anaweza kuingiza mkono. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni udogo wa chembe.

Kuvutwa peke yake hakupasui

Sasa fikiria tope hilo limelala juu ya kitu linachoweza kutelezea. Likivutwa, lingesinyaa tu, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto. Lingekuwa dogo zaidi, zima.

Lakini lipu imeshika tofali. Damu imeshika kioo. Tope la juu limeshika udongo wa chini ambao bado ni mbichi na haujaanza kusinyaa. Tabaka la juu linataka kupungua, lililo chini linakataa. Ni sawa na kugongomelea nguo mbichi ya sufu kwenye fremu ya mbao: nguo itakaza na kukaza, na kama haina nguvu ya kutosha itachanika. Ufa ni mahali ambapo tabaka limeshindwa kuvumilia kuvutwa na maji huku limeshikwa na ukuta.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la slaidi yangu. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alieleza kwamba ufa nao una gharama yake. Kufungua ufa kunahitaji nishati ya kutenganisha kilichoshikana. Nishati hiyo hutoka kwenye mkazo uliojikusanya ndani ya kitu chenyewe. Mkazo uliojikusanya usipotosha kulipa gharama hiyo, ufa haukui hata kama kitu kinavutwa. Tabaka jembamba lina akiba ndogo ya mkazo, kwa hiyo linakauka likiwa limekaza lakini halipasuki. Tabaka nene lina akiba kubwa, na likivuka unene fulani linaanza kupasuka. Unene huo hutofautiana kulingana na chembe zenyewe, lakini kila mchanganyiko una wake.

Gazeti chini ya slaidi, basi, ni kipimo cha unene. Mtaalamu wetu wa maabara alikuwa anatuonyesha mpaka wa kupasuka bila kuutaja kwa jina hilo.

Umbo la nyufa

Ukitazama tope lililokauka utaona nyufa hazikutawanyika ovyo. Vipande vinakaribiana kwa ukubwa. Mwaka 1994 watafiti wawili, Groisman na Kaplan, walilichunguza jambo hili kwa kitu kilichopo jikoni kwa kila mtu: kahawa ya kusaga iliyochanganywa na maji. Waliona kwamba tabaka likiwa nene, vipande ni vikubwa. Likiwa jembamba, vipande ni vidogo. Na walipopunguza ushikaji wa chombo kwa chini, vipande vikawa vikubwa zaidi.

Tazama pia jinsi nyufa zinavyokutana. Katika tope linalokauka mara ya kwanza, nyingi hukutana kama herufi T. Sababu ni kwamba ufa wa kwanza ukipita, unaachia mkazo pembeni yake. Mkazo uliobaki ni ule unaokwenda sambamba na ufa, kwa hiyo ufa wa pili unapofika huingia kwa pembe mraba. Unaweza kujua upi ulitangulia: ule unaopita moja kwa moja ni mkubwa wa umri, ule unaoishia kwake ni mdogo wake.

Tope likiloa na kukauka tena na tena, makutano hayo huanza kubadilika kuwa kama herufi Y, na vipande hukaribia umbo la pembe sita. Lucas Goehring na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2010 kwa kulowesha na kukausha udongo uleule mara nyingi. Wanaoishi Uingereza au Ireland na waliowahi kwenda Giant's Causeway, Ireland ya Kaskazini, wameona umbo hilo likiwa limesimama: karibu nguzo 40,000 za mawe, nyingi za pande sita. Yale hayakukauka, yalikuwa lava iliyopoa. Lakini lava nayo husinyaa ikipoa, huku imeshikwa na iliyo chini yake, na matokeo yanafanana.

Damu nayo imechunguzwa. Mwaka 2011 David Brutin na wenzake nchini Ufaransa walichapisha picha za matone ya damu yakikauka: seli nyekundu zinakwenda ukingoni, ukingo unakuwa pete nene, na pete hiyo inapasuka kwa mistari inayoelekea katikati. Waliona pia kwamba tone la mtu mwenye upungufu wa damu halikupasuka sawa na la mtu mwenye afya. Kama muuguzi nawaomba mtu asiharakishe hapa. Hiki si kipimo kinachotumika hospitalini, na hakuna mtu wa kusomewa ugonjwa wake kwa nyufa za tone. Ukihisi upungufu wa damu, nenda ukapimwe wingi wa damu.

Jaribu jikoni na watoto

Mwanangu ana miaka minane, na alipoona ninachora nyufa mezani alitaka kujua. Tukafanya hivi, nanyi mnaweza.

Nunua wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kuongezea uzito supu, si unga wa ugali. Changanya na maji kwa vipimo vilivyo sawa, kikombe kwa kikombe, ukoroge mpaka umwagike kama maziwa mazito. Chukua visahani vitatu vinavyofanana. Cha kwanza mimina tabaka jembamba la milimita mbili au tatu. Cha pili mimina tabaka la sentimita moja. Cha tatu kipake mafuta ya kula chini, kisha mimina sentimita moja vilevile. Viache dirishani au karibu na taa kwa siku kadhaa bila kuvigusa.

Kwetu, cha kwanza kilitoa vipande vidogo vingi. Cha pili kilitoa vipande vikubwa zaidi. Cha tatu, chenye mafuta, kilitoa vipande vikubwa vichache na vikajisogeza mbali na ukingo, kwa sababu havikuwa na cha kuvishika. Mwanangu alihesabu mwenyewe akaandika kwenye daftari.

Ukiwa na subira, jaza bilauri fupi kwa kina cha sentimita tatu uiache chini ya taa wiki moja au zaidi. Ikishakauka kabisa, vunja kipande utazame ubavuni. Utakuta vijiti vidogo vimesimama vimeshikana, vyembamba kuliko penseli. Ni Giant's Causeway ya jikoni.

Alichofanya mdogo wangu

Baada ya visahani nilikuwa najua vya kutosha kuona aibu. Nikampigia Jumapili moja. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza, bila ukali, lipu ilipigwaje.

Akanieleza. Matofali hayakusimama sawa, kwa hiyo fundi alipiga lipu nene ili kuficha, mahali pengine ikifika sentimita nne, kwa mkupuo mmoja. Mchanga ulikuwa wa shimoni, laini, wenye vumbi jingi la udongo. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, jua la saa sita, madirisha bado hayana vioo. Ukuta wenyewe haukuloweshwa kabla. Na baada ya lipu hawakumwagilia maji kwa sababu bomba lilikuwa halitoki.

"Na saruji?" nikauliza.

Akanyamaza kidogo. "Ndoo moja kwa mbili za mchanga, dada. Niliongeza mifuko miwili kwa pesa yangu. Nilitaka iwe ngumu."

Mifuko miwili kwa pesa yake, wakati mimi niliandika mbele ya shangazi kwamba ameila.

Sasa pitia mambo hayo pamoja nami. Saruji nyingi na vumbi la udongo ni kuongeza chembe ndogo, na chembe ndogo zinataka maji mengi zaidi ili mchanganyiko ulainike. Maji mengi yakiondoka, kusinyaa ni kukubwa. Mianya midogo ikibaki, mvuto ni mkali. Unene wa sentimita nne ni akiba kubwa ya mkazo. Tofali kavu lilinyonya maji kutoka nyuma, jua na kaskazi vikayanyonya kutoka mbele. Wahandisi wa zege huanza kuhofia nyufa za saa za mwanzo maji yakipotea kwa kasi ya lita moja kwa saa katika kila mita ya mraba, na jua kali pamoja na upepo huweza kufika hapo. Zaidi ya hayo, saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuungana na maji. Ikinyang'anywa maji mapema, inabaki dhaifu wakati uleule inapovutwa zaidi.

Hakuna aliyeiba. Kila kosa hapo lilikuwa la haraka au la nia njema.

Wakati wa kupiga lipu

Kutokana na hayo, haya ndiyo ya kumwambia fundi na msimamizi wako, na kila moja sasa unaijua sababu yake:

Mchanga uchekechwe, na ukiwa na vumbi jingi uoshwe. Jaribio rahisi: jaza mchanga nusu chupa, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Tabaka la matope laini litakalokaa juu ya mchanga likiwa nene, mchanga huo haufai.

Saruji isizidi. Kwa lipu ya kawaida, ndoo moja kwa nne hadi sita za mchanga inatosha.

Maji yawe ya kulainisha tu, yasiwe ya kumrahisishia kazi anayekoroga.

Ukuta uloweshwe kabla, usichuruzike.

Lipu ipigwe kwa matabaka, kila moja lisizidi milimita 15 hivi. La kwanza likwaruzwe ili la pili lishike, nalo lipewe muda kabla ya kufunikwa.

Kazi ifanyike asubuhi au jioni, upande wenye kivuli. Madirisha yazibwe kwa turubai au magunia wakati wa upepo.

Baada ya hapo, maji. Ukuta umwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Kama bomba halitoki, lipu isubiri bomba.

Bibi yetu mzaa mama hakuwahi kusoma habari za Griffith. Alipokandika nyumba yake ya fito alichanganya udongo na mchanga, nyasi kavu zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Kandiko la kwanza aliliacha likauke na kupasuka, kisha akapaka la pili, jembamba, likaziba. Mchanga ulipunguza kusinyaa, nyasi zilishika kingo za ufa usifunguke, na tabaka la mwisho lilikuwa jembamba kiasi cha kutopasuka. Nilikua nikimwona akifanya hivyo, na bado nilimtukana mdogo wangu.

Ufa upi wa kuogopa

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba ni lazima ujue ni ufa gani, kwa sababu si zote zinazotokana na lipu kukauka.

Nyufa za lipu kukauka huwa nyembamba, zimeenea kama ramani, zimo ndani ya lipu tu, hutokea siku au wiki za mwanzo na kisha hutulia. Gonga ukuta kwa kidole au kwa mpini wa mwiko. Ukilia imara, lipu bado imeshika. Ziba kwa tabaka jembamba kabla ya rangi. Ukilia wazi kama debe tupu, lipu imeachana na tofali na sehemu hiyo itolewe.

Ufa mwingine ni ule unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, au unaoshuka kama ngazi kufuata maungo ya matofali, unaoonekana ndani na nje, mpana upande mmoja kuliko mwingine. Huo mara nyingi unatoka chini, kwenye msingi. Na mara nyingine chanzo chake ni somo lilelile tulilolianza, ila linalokauka ni ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa nyanda za Athi nje ya Nairobi au wa mabonde ya Usukuma, una mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyo juu yake inainuliwa na kushushwa kila mwaka. Hapo kuziba lipu ni kupoteza pesa. Mwite mhandisi autazame msingi.

Kwa sisi tulio mbali, omba picha yenye kipimo. Msimamizi aweke rula au sarafu kando ya ufa, achore alama ya penseli mwisho wa ufa na kuandika tarehe, kisha apige picha mahali palepale kila mwezi. Ufa unaotulia ni habari moja, unaokua ni habari nyingine. Picha za namna hiyo zinaweza kusomwa na mhandisi, na zinaepusha maneno kama yale niliyoyaandika mimi.

Mdogo wangu alifanya hivyo. Kati ya nyufa zote, hakuna iliyokua. Sehemu mbili zililia wazi zikatolewa. Lipu mpya ilipigwa Mei, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha na hewa ina unyevu, tabaka mbili nyembamba, mchanga wa mtoni uliochekechwa. Safari hii niliandika tena kwenye kundi la familia, nikieleza nilivyokosea na mifuko miwili ya saruji ilitoka mfukoni mwa nani. Shangazi alijibu kwa sauti, dakika nne nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kunisema.

Kazi ya kumwagilia aliichukua mama, kikombe kwa ndoo, asubuhi na jioni, kwa siku kumi badala ya saba. Nilipompigia siku ya sita nikamwamkia na kumuuliza hali, akanijibu kwamba hajambo, ila uzeeni huu wanawe wamemfanya mkulima wa ukuta, na mpaka sasa hajaona kilichoota.